Nilishona Parachuti za Ndege ya Roketi

Nailoni ukiigusa kwa pasi ya moto haikuonyi. Pamba hugeuka rangi, sufu hunuka, lakini nailoni hunyamaza, kisha ghafla ni tundu. Nalijua hilo kwa sababu wiki yangu ya kwanza kwenye kazi ninayotaka kuwasimulia, niliweka pasi juu ya kitambaa cha parachuti kilichoagizwa kutoka ng'ambo, nikaiinua nikaona meza. Mzee Duarte, aliyekuwa akinifundisha, alivaa miwani yake, akalitazama lile tundu lenye umbo la pasi, akasema, "Vizuri, Mama. Sasa tuna parachuti ya kushushia pasi."

Wanangu mnaojifunza cherehani hapa Rosettenville, ninyi mnanijua kama Mama Espoir, yule bibi wa macho mabovu anayewafumulia pindo mlizokwisha kufurahia. Mnadhani maisha yangu yote nimeshona magauni ya kwaya na sare za shule. Lakini kwa karibu miaka mitatu, kuanzia 2015, kila asubuhi nilipanda taksi mbili kwenda Midrand, kwenye ghala moja nyuma ya maghala mengine, nikashona parachuti za ndege za roketi. Sikuwahi kuwasimulia. Ninaandika kwa Kiswahili, ingawa wengine wenu mnakielewa na kujibu kwa Kizulu. Usiyeweza kukisoma, msogelee mama yako akusomee. Pengine naye anafaa kuyasikia.

Mzee Duarte alikuja kibandani kwangu na suruali. Alikuwa Mreno aliyezaliwa Pemba, kaskazini ya Msumbiji, ambako baba yake alikuwa na duka, na Kiswahili alikipata kwa watoto wenzake wa mtaani kabla hawajahama. Kwa hiyo mbele yangu alisimama mzee wa miaka sabini anayeongea kama mtoto wa miaka tisa. "Mama, hii refu. Kata hapa, bwana." Nilimkunjia pindo akiwa amekaa palepale. Nilipomkabidhi suruali hakutazama urefu. Aliigeuza ndani nje, akahesabu mishono kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akavuta uzi kwa nguvu kama anayetaka ugomvi.

"Nani kakufundisha?"

"Masista. Uvira."

"Masista walikuwa wakali?"

"Walikuwa na rula."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama ningependa kushona kitu ambacho kikifumuka mtu hatarudi dukani kulalamika. Sikuelewa. Nilidhani anasema sanda.

Mahali penyewe palikuwa kampuni ndogo, watu wasiozidi ishirini. Mwenyewe alikuwa injinia ambaye sote tulimwita Bosi. Alibandika ukutani picha za ndege za roketi za kwanza kabisa, na akikupata unasubiri chai anakueleza. Ile ya Wajerumani ya wakati wa vita, iliyoruka ikayaacha magurudumu yake chini, ikarudi kutua kwa tumbo juu ya ubao uliofungwa chini yake, na mafuta yake yakimwagika yalimla rubani nyama. Ile ya Wamarekani iliyobebwa tumboni mwa ndege ya mabomu, ikadondoshwa, ikawasha moto, ikawa ya kwanza kuipita sauti ikiwa na mtu ndani. Bosi alieleza haya kwa furaha. Mimi nilihesabu tu ni wangapi katika picha zile walikufa, na nilipomuuliza akasema, "Wengi, lakini tumejifunza."

Kazi yetu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza kulikuwa na ndege ndogo zisizo na rubani, urefu wa mtu mzima, zenye roketi nyuma na vyombo vya kupimia ndani. Ziliinuliwa na ndege nyingine, zikaachiwa, zikapita kasi ya sauti kwa sekunde chache, halafu parachuti ikazirudisha chini ili Bosi asome vipimo. Baadaye ikaja ndege kubwa yenye rubani, iliyokusudiwa kuikaribia tu ile kasi na kurudi. Hiyo tuliiita Mshale.

Parachuti yangu ya kwanza ilirudi kama nywele za mahindi. Mzee Duarte hakunigombeza. Alitandaza vile vitambaa vilivyochanika juu ya meza, akanipa kioo cha kukuzia. "Soma," akasema. Nilitazama ncha za nyuzi. Nyingine zilikuwa zimechambuka kama mswaki. Nyingine zilikuwa na kishanga kidogo kigumu. Akanieleza kuwa uzi ukikatika kwa kuvutwa unachambuka, ukikatika kwa joto unaacha kishanga. Kwa kasi ile, kitambaa kikitoka mfukoni kikajisugua chenyewe kwa nusu sekunde, tayari kimeyeyuka. Kuanzia hapo tukashona parachuti za mikanda, yaani badala ya kitambaa kizima unashona mikanda mingi yenye nafasi katikati, upepo upite. Ukiitazama unasema hii imetoboka, haitafaa. Lakini hiyo ndiyo iliyorudi nzima.

Mengine niliyoyapata kwake ni haya, na ndiyo ninayowasumbua nayo kila siku. Sindano mpya kila asubuhi, hata kama ya jana inashona. Mikono ioshwe kwa sabuni, maana mafuta huvuta vumbi, na vumbi ni msumeno. Siku moja nilirudi kutoka Fordsburg na sambusa kwenye mfuko, akanirudisha bombani mara tatu. Mshono hauanzwi na mtu mmoja ukamaliziwa na mwingine. Ukinyanyuka kwenye kiti chako, hata kwenda chooni, funga utepe mwekundu mahali ulipoachia. Na kama mshono utafunikwa, usiufunike mpaka jicho la pili liuone. Kila parachuti ilikuwa na kadi yake. Aliyeshona aliweka sahihi, aliyekagua akaweka ya pili.

Majaribio yalifanyika mbali, nchi kavu upande wa magharibi, ambako shamba la mtu mmoja ni kubwa kuliko mtaa wetu wote. Mara ya kwanza niliposikia ndege ndogo ikiipita sauti, sikuwa nimeambiwa la kutarajia. Anga lilikuwa tupu, tumesimama kimya, halafu milio miwili, pa-paa, mmoja juu ya mwingine. Mimi nimetoka Uvira, kwetu Kongo, wakati wa vita. Nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye changarawe, mikono kichwani. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Aliyekuja kuchuchumaa karibu nami alikuwa Kagiso, rubani wetu. Hakuniinua.

"Mama, ni hewa tu," akasema. "Inagongana, basi."

"Najua," nikasema, na sikujua.

Alikaa hapo hapo mpaka niliponyanyuka mwenyewe, kisha akaniambia kwamba mkulima jirani amelalamika kuku wake wameacha kutaga, na kwamba yeye na kuku wale wanaelewana.

Kagiso alikuwa na miaka thelathini na kitu, Mtswana wa Soweto, aliyetoka jeshini. Alikuwa rubani wa Mshale. Mshale ilivutwa juu kwa kamba na ndege ya propela, ikaachiwa, ndipo Kagiso akawasha roketi. Moto ulidumu zaidi kidogo ya dakika moja, baada ya hapo alishuka bila injini kama tiara. Hatari kubwa, walisema, ni ndege kuanza kuzunguka kama pia na kukataa kutii usukani. Kwa ajili hiyo tulishona parachuti ya mkiani. Rubani akivuta, inafunguka nyuma, inaushika mkia, ndege inanyooka, halafu anaiachia. Parachuti ile iliunganishwa na ndege kwa mkanda mmoja mnene wa nyuzi zile ngumu za manjano zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi. Mwisho wa mkanda ulikunjwa kuwa kitanzi cha kupitishia pini ya chuma. Kitanzi kile kilishikwa na mistari mitatu ya mishono, kisha juu yake tukashona kifuniko cha kuzuia joto la roketi. Mistari mitatu. Ikiwa miwili, mkanda ungeweza kushika, au usishike.

Kagiso alipenda kuja kukaa kwenye kibao karibu na meza yangu nikifanya kazi. Hakuongea sana. Aliniuliza mara moja kama ninaogopa kupanda ndege. Nikamwambia sijawahi kupanda, nilikuja Afrika Kusini kwa lori, basi na miguu. Akasema, "Eish, Mama, basi wewe ndiye jasiri kati yetu."

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ilikuwa siku nne kabla ya safari ya tano ya Mshale. Nilikuwa nikishona mkanda mpya wa mkiani, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeungua kidogo ukingoni. Mzee Duarte alikuwa kwenye mkutano na Bosi. Saa nne hivi asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, Neema, ambaye siku hizo alikishika kibanda chetu, na ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, wako wanavunja maduka ya wageni. Wameanzia chini kule kwenye robot, pale kwenye taa za magari, wanapandisha."

"Funga uondoke."

"Nimefunga. Niko ndani."

"Toka, Neema! Ndani watakuchoma!"

Simu ikakatika. Nikaendelea kushona. Hilo ndilo jambo ambalo hadi leo silielewi ndani yangu. Mguu ulibaki kwenye mashine na mikono ikaenda. Simu ikalia tena, safari hii shule ya mwanangu Espoir, wakitaka wazazi waje. Nikasema nakuja. Nikashona. Ikalia mara ya tatu, Neema, yuko uani kwa jirani, anasikia vioo. Nilipoangalia mikono yangu, nilikuwa nimekwisha kuvalisha kifuniko na nimekishona nusu yake. Ndipo nikanyanyuka nikakimbia. Sikufunga utepe mwekundu.

Taksi hazikuwa zikiingia mitaa yetu ya kusini. Nilitembea kutoka mjini, nikamkuta Espoir ameketi chini ya meza ya mwalimu, na tukakaa siku ile na iliyofuata ndani ya kanisa, watu zaidi ya sitini, Wakongo, Warundi, Wamalawi, tukisikiliza barabara. Neema tulimpata akiwa mzima. Kibanda hakikubaki kitu. Cherehani waliyoshindwa kuibeba waliipiga nyundo.

Asubuhi ya kurudi Midrand nilimaliza kile kifuniko. Nilipokata uzi wa mwisho, nikajiuliza, mstari wa tatu niliushona? Nilikumbuka wa kwanza. Nilikumbuka wa pili, kwa sababu ulikuwa unaisha Neema aliposema wanapandisha. Wa tatu sikuukumbuka. Nilipapasa kwa vidole juu ya kifuniko, lakini kilikuwa kinene, hakikusema kitu. Namna ya kujua ilikuwa moja tu, kukikata na kuanza upya. Saa tano au sita za kazi. Na lori la kwenda uwanjani lilikuwa likipakiwa mlangoni.

Mzee Duarte akaja na kadi.

"Mbona umefunika? Mimi sijaona ndani."

"Ulikuwa mkutanoni, mzee. Nilihesabu mwenyewe."

"Mitatu?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Haikuwa ndefu. Niliwaza kwamba nikisema sijui, wataniuliza kwa nini, na nitasema habari za maduka, na watu watasema hawa wageni wanaleta vita vyao mpaka kazini. Niliwaza kwamba sina kibanda tena, nina kazi hii tu. Lakini wanangu, nisijifiche nyuma ya shida. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka nisiulizwe tena.

"Mitatu," nikasema.

Alinitazama, akalitazama lori. Akaweka sahihi chini ya yangu. Kisha akanishika bega akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kitoto, "Mtoto wako mzima?" Nikasema mzima.

Siku ya safari anga lilikuwa safi mno. Kagiso alipita akanigusa mkono kama kawaida yake. Nilitaka kufungua kinywa, na nikafikiri, mara nne ameruka na hakuihitaji ile parachuti hata mara moja. Hayo yalikuwa mawazo yangu, msiyasahau. Hajawahi kuihitaji.

Mshale ilivutwa, ikaachiwa, ikawasha. Mstari mweupe ukapanda. Moto ukazimika mapema kuliko ilivyopangwa, na ule mstari ukavunjika. Kwenye redio Kagiso alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, "Inazunguka. Inazunguka. Navuta." Tukaona parachuti ikitoka, ya rangi ya machungwa, ikafunguka vizuri kabisa. Mshale ikaanza kunyooka. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi. Mimi nilihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Kabla ya nne, parachuti ilikuwa peke yake. Ndege ilikuwa chini yake, ikizunguka tena, na hapakuwa tena na umbali wa kutosha wa kuruka nje. Hakusema neno lingine kwenye redio. Tuliona vumbi kwanza, kisha moshi, ndipo sauti ikatufikia.

Parachuti ilichukua muda mrefu kushuka. Watu wote walikimbilia kwenye moshi. Mimi nilibaki nikiitazama ikielea, haina haraka, mpaka ikajilaza kwenye vichaka.

Wachunguzi walikuja, watu wa adabu, wenye kalamu nyingi. Kipande cha mkanda kilichobaki na ndege kilikuwa kimeungua chote. Kipande cha upande wa parachuti kilikatikia karibu na kitanzi, na hapo palikuwa pameungua pia, maana injini ilipozimika vibaya iliendelea kutema moto nyuma. Mzee Duarte alikishika kioo chake siku nzima asipate ncha hata moja ya kusoma. Pengine moto ulikata mkanda ulioshonwa sawasawa. Pengine mkanda wa mistari miwili uliachia kabla ya moto kufika. Waliandika kuwa chanzo hakikuweza kuthibitishwa, lakini ukaguzi wa mkanda haukufuata kanuni, kwa sababu ulifunikwa kabla ya kuonwa.

Waliuliza nani aliruhusu. Nilikuwa nimekaa pale, mikono mapajani.

"Mimi," akasema Mzee Duarte. "Sahihi ya mwisho ni yangu."

Wakamnyang'anya leseni yake ya kukagua parachuti, aliyokuwa nayo tangu kabla sijamzaa mtoto wangu. Mimi hawakuniuliza lolote zaidi ya jina na tarehe. Kampuni ikafungwa miezi michache baadaye. Nikarudi kwenye pindo.

Nilikaa na hilo zaidi ya mwaka. Mzee Duarte alikuwa mtaa wa tatu kutoka kwangu, nami nilizunguka njia nyingine kwenda sokoni. Siku nilipokwenda alikuwa akimwagilia mabiringanya. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, simu, kifuniko, mstari wa tatu. Hakuacha kumwagilia mpaka maji yakafurika miguuni kwake.

"Uliniambia mitatu," akasema.

"Nilikuambia, mzee."

"Ungesema 'sijui'. Neno moja tu. Ningekata mwenyewe, na lori lingengoja." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Na mimi nilipenda lori liondoke."

Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa kishindo, aliufunga tu. Niliandika barua kwa wachunguzi. Walijibu kwamba wameipokea na kuiweka kwenye faili. Mzee Duarte alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na kanisani kwao nilikaa kiti cha nyuma.

Baada ya mazishi yale ndipo nilipokwenda Soweto kwa mama yake Kagiso. Alinikaribisha akidhani nimekuja kumpa pole, akaniwekea kiti, akaanza kutafuta vikombe. Nikamwomba aketi kwanza. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kibovu, naye alisikiliza bila kunisaidia neno hata pale nilipokwama. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo hujui kama ni wewe."

"Sijui, mama. Wala sitajua."

"Na umekuja ili nikuambie si wewe."

Alitazama mikono yangu, kisha akauliza tena.

"Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia Mzee Duarte alijua, na amekufa. Na barua iliyo kwenye faili.

"Mimi siwezi kulifanyia kitu jambo hili," akasema. "Mwanangu hakuwa faili. Nenda ukawaambie wanaoshona." Akasimama, akavirudisha vikombe kabatini, kimoja kimoja, akanifungulia mlango.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Nimechukua muda kumtii, na aibu ndiyo iliyonichelewesha. Lakini nimewaambia sasa, kila mmoja wenu, kwa majina yao wote wawili, Kagiso na Mzee Duarte.